NGUMI YA NYUMBANI NI SHAURI LA CHAMA



Mwezi uliopita tulipata barua kutoka kwa wanachama kadha wa tawi letu. Barua yenyewe ilikuwa fupi na haikuwa na matusi, kwa hiyo tutaijibu kwa adabu. Walioiandika wanasema wamesikia ya kuwa Halmashauri inataka kuweka shauri la wanaume wanaopiga wake zao katika orodha ya madai tutakayompelekea mwajiri mkataba ukifunguliwa upya. Wanauliza: Chama hiki ni cha mshahara au ni cha ndoa? Wanasema wao hulipa ada kila mwezi ili wapiganiwe bei ya kilo, nyumba na likizo, si ili Katibu aje kuchungulia vyumbani mwao. Tena wanasema mambo ya mume na mke yana wazee wake, na mtu wa nje akiingia hutoka na aibu.

Tunawashukuru kwa kuandika. Heri mtu asemaye mbele ya watu kuliko anong'onaye nyuma ya kiwanda. Lakini twawaambia waziwazi ya kuwa wamekosea, na leo tutaeleza kwa nini. Tutaanza kwa kujishtaki sisi wenyewe, maana sisi wa Halmashauri tulikuwa tukiyasema maneno hayo hayo mpaka siku yalipotuumbua.

KOSA LETU

Mwanachama mmoja, mchumaji wa majani ya chai wa miaka mingi, alikuja ofisini siku ya Jumatatu, mkono wake wa kuume umefungwa kwa leso. Hatutamtaja jina wala hatutalitaja shamba. Alisema mumewe alimpiga Jumamosi usiku, baada ya mshahara, kwa sababu alikataa kumpa namba ya siri ya simu yake ambamo mshahara wake huingia. Tulimwuliza kama amekwisha waambia wazee. Akasema amewaambia, nao wamemjibu arudi, apike, anyamaze. Sisi nasi tukamwambia vivyo hivyo kwa maneno ya ofisi: 'Mama, hiyo ni habari ya nyumbani, sisi hapa twashughulika na kazi.' Hata jina lake hatukuliandika kitabuni.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na mkono uliovunjika hauchumi. Juma la kwanza hakwenda kazini. Juma la pili alijaribu kuchuma kwa mkono mmoja, na penye mizani nyapara akamcheka mbele ya watu kwa uchache wa majani yake, akarudi nyumbani. Juma la tatu akaitwa ofisini kujibu mashtaka ya kutoonekana kazini bila ruhusa.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mtu asiachishwe kazi kwa kosa kabla ya kuelezwa kosa lake na kusikilizwa, na kwamba akisikilizwa awe pamoja na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa Chama. Sheria hiyo ilifuatwa. Mwakilishi wa Chama aliitwa, akaja, akaketi. Mwakilishi wa sehemu ile alikuwa nani? Alikuwa ni mumewe. Alipoulizwa kama ana neno la kumtetea mwanachama, alisema, 'Sina neno.' Mama yule akatazama chini, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Alipotuletea barua ya kuachishwa ndipo tulipoamka. Tulikimbia kwa meneja, naye akatuuliza swali moja tu: 'Kama alikuwa ameumia, mbona Chama hakikuniambia?' Hatukuwa na jibu. Hapakuwa na karatasi ya daktari wala andiko lo lote, kwa sababu alipokuja kwetu tulimwambia si shauri la ofisi. Basi akapoteza kazi. Na kwa kuwa nyumba katika laini iliandikwa kwa jina la mume, akapoteza na mahali pa kulala. Alipanda gari na watoto wake wawili akaenda kwa mamake.

Hayo si yote. Katika juma lile la kwanza tulikuwa tumeketi na meneja saa mbili nzima kumtetea mume huyo huyo, kwa sababu alikatwa pesa za viatu vya mvua vilivyopotea. Shauri la viatu tulimshinda mwajiri. Shauri la mkono wa mama tulishindwa kabla ya kulianza, tena aliyetushinda si mwajiri.

Mtuambie, ndugu mlioandika barua: hilo lilikuwa shauri la ndoa au shauri la kazi? Lilianza kwa mshahara, likapita penye mizani, likaishia kwa barua ya kuachishwa kazi na kufukuzwa katika nyumba ya kampuni. Katika safari yote hiyo tuonyesheni mahali ambapo Chama hakikuhusika.

NYUMBA NI KAZI YA CHAMA TANGU ZAMANI

Wako wanaodhani ya kuwa Chama kuingia katika habari za nyumbani ni jambo jipya lililoletwa na wasomi wa mjini. Hawajui historia ya wazee wao.

Wakati wa ukoloni mfanya kazi Mwafrika alilipwa mshahara wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Huko Nairobi wanaume walipewa kitanda, si nyumba. Mwajiri alikuwa na jibu lake tayari: mke na watoto wako huko kwao, wanalima, habari zao si zangu, mimi nimeajiri mikono tu. Wafanya kazi waliyakataa maneno hayo. Walisema mikono hii ina mwenyewe, na mwenyewe ana jamaa. Mwaka 1954 hata halmashauri ya serikali ya wakati ule iliyochunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilikubali ya kuwa mshahara haufai kukadiriwa kwa haja za mtu peke yake, ila kwa haja za mtu mwenye jamaa. Basi angalieni: msemo wa 'mambo ya nyumbani si yetu' haukuanzia kwa wazee wetu. Huo ulikuwa msemo wa mwajiri wa kikoloni, na leo tunaurudia sisi.

Mfano mwingine. Katika Sheria ya Kazi ya mwaka 1976 mwanamke aliyezaa alipewa miezi miwili, lakini akanyimwa likizo yake ya mwaka huo, kana kwamba kuzaa ni mapumziko. Katika sheria ya 2007 amepata miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo yake ya mwaka imebaki yake. Je, mimba si jambo la nyumbani? Mbona hapo hatukusema Chama kinachungulia chumbani? Tulisema ni haki ya mfanya kazi, na tulisema kweli.

Jambo la nyumbani likimfuata mtu kazini na kumnyang'anya mkate wake, hilo ni jambo la Chama. Nalo la kupigwa humfuata mtu kila siku. Yuko anayechelewa kwa sababu amelala kwa jirani. Yuko anayesinzia kwenye mashine kwa sababu hakulala kabisa, na mashine haijui huruma. Yuko anayefuatwa na mume mpaka penye mizani siku ya malipo, akatukanwa mbele ya vibarua wote, kesho yake nyapara akampa onyo la kuleta fujo kazini. Yuko aliyekataa kazi ya zamu ya usiku, si kwa uvivu, bali kwa sababu akirudi asubuhi huulizwa alilala wapi, na jibu lo lote atakalotoa litamletea kofi.

Tena wasiwe ni wachache. Katika uchunguzi wa serikali wa afya ya watu uliofanywa nchi nzima mwaka 2022, katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, wanawake 34 walisema wamepata kuumizwa mwili na mtu tangu walipokuwa na miaka 15. Chukueni kikosi cha wachumaji wanawake thelathini wanaoingia shambani asubuhi, mfanye hesabu. Ni kama kumi kati yao. Chama kinachosema hakiwajui wanachama kumi katika thelathini ni chama cha nani?

VISINGIZIO VINNE NA MAJIBU YAKE

La kwanza husemwa kwamba hiyo ni mila yetu, na mke asiyepigwa hajui kuwa anapendwa. Tunajua maneno haya yameingia ndani sana, hata kwa wanaoumizwa. Uchunguzi kama ule, wa mwaka 2014, uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanawake 42 katika kila 100 walikubali angalau sababu moja, na wanaume 36. Mnaona? Wanawake waliokubali walikuwa wengi kuliko wanaume. Lakini sisi wafanya kazi tunaijua hali hiyo vizuri. Wako wazee wetu waliokubali ya kuwa Mzungu ana haki ya kuwapiga kiboko kwa sababu ya kuchelewa shambani. Walikubali kwa sababu walizoezwa. Kiboko kile nacho kiliitwa desturi ya kazi. Hatukukiacha kwa ajili ya jina hilo.

La pili husemwa ni pombe. Chang'aa ni adui, hatubishi, na siku ya mshahara ndiyo siku yake kuu. Lakini mlevi huyu akitoka kwa mama pima hupita mbele ya nyumba ya meneja, hupita mbele ya askari wa lango, hupita mbele ya vijana wenye nguvu kuliko yeye. Hao wote hawapigi. Pombe inayojua kuchagua mtu wa kupigwa si pombe, ni mtu mwenyewe.

La tatu ndilo tunalolipenda sisi watu wa Chama, nalo ni gumu zaidi. Tunasema: mshahara ni mdogo, bei zimepanda, mashine za kuchuma zimechukua kazi, mtu amedharauliwa na bwana mkubwa kutwa nzima, akifika nyumbani hasira inamwagika. Mpeni mshahara mzuri na ugomvi utakwisha. Ndugu, tutaupigania mshahara huo mpaka mwisho. Lakini hasira iliyowashwa na meneja ikimwagwa kwa mke, meneja hakupata hasara yo yote. Amepata faida: mfanya kazi mmoja amemwumiza mfanya kazi mwingine, na mwajiri amelala usingizi. Mwenye hasira ya haki na ailete mkutanoni.

Na kama shida ni umaskini peke yake, tuelezeni habari za wakimbiaji wetu. Agnes Tirop alipata nishani ya shaba ya dunia katika mbio za mita 10,000 mara mbili, mwaka 2017 na 2019. Mwezi wa Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, aliuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani mwake Iten. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Hukumu ni kazi ya mahakama na sisi hatuitoi hapa. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyeishi na kufanya mazoezi katika kaunti ya Trans Nzoia, alikimbia marathoni ya Olimpiki huko Paris mwezi wa Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, kukiwa na ugomvi juu ya kiwanja alichokuwa amejenga. Alikufa Eldoret tarehe 5 Septemba. Hao hawakuwa wanawake wa kukosa senti. Walikuwa wafanya kazi waliokula jasho la miguu yao. Tofauti ya miguu yao na mkono wa mchumaji wetu ni ndogo sana. Mwanamke akipata pesa zake mwenyewe, wako wanaume wanaoona wameibiwa.

La nne husemwa kwamba hata wanaume wanapigwa. Ni kweli wako, na walioandika hivyo kwa kucheka waache kucheka. Mwanamume aliyeumizwa nyumbani akija ofisini ataandikwa kitabuni kama mwanachama mwingine ye yote, na ye yote atakayemcheka mlangoni atajibu mbele ya Halmashauri. Lakini kisingizio hiki tumeona hutolewa na mtu asiyetaka kumsaidia mwanamume wala mwanamke.

SHERIA INASEMA NINI

Wanachama wengi hawajui, na sisi wenyewe tulichelewa kujua. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, yasema kila mtu ana haki ya kutotendewa ukatili wa namna yo yote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Mume ni mtu binafsi. Kifungu cha 45 chasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa, na wakiachana.

Mwaka 2015 ikapitishwa Sheria ya Kuwalinda Watu na Ukatili wa Nyumbani. Sheria hii haitazami ngumi tu. Inataja pia kumnyima mtu pesa zake au njia ya kujipatia, kumfungia nje ya nyumba anayokaa, kumtisha, kumfuatafuata, kumtukana, kumlazimisha kitendo cha kitandani hata akiwa ni mke wa ndoa, kumrithi mjane kwa nguvu, na wakwe kuingilia kwa uonevu. Basi yule anayemlazimisha mkewe kutoa namba ya siri ya simu ili ale mshahara wake asifikiri amefanya ujanja. Kitendo hicho kina jina katika sheria.

Mtu aliyeonewa aweza kwenda kwa hakimu kuomba amri ya ulinzi. Hakimu aweza kumkataza mwonevu asimkaribie, na aweza kumpa aliyeonewa nyumba akae peke yake, mwonevu atoke, hata kama nyumba hiyo ni mali ya mwonevu au ameikodi yeye. Kuivunja amri hiyo ni kosa la jinai. Tena polisi akipelekewa mashtaka ana wajibu wa kumweleza mlalamikaji msaada uliopo, pamoja na mahali pa kujihifadhi na matibabu, na mlalamikaji aweza kuomba aandikiwe maelezo na polisi wa jinsia yake. Askari anayesema 'nendeni mkapatane nyumbani' hafanyi kazi yake.

Hapa ndipo tunapomgeukia mwajiri. Kama sheria yaweza kumtoa mtu katika nyumba aliyoijenga kwa pesa zake, kampuni yasemaje kwamba haiwezi kubadili jina moja katika kitabu cha nyumba za laini?

MAMBO YA FULANA

Kila mwaka tangu tarehe 25 Novemba mpaka tarehe 10 Desemba dunia nzima huwa na siku 16 za kupinga ukatili juu ya wanawake. Siku ya kwanza iliwekwa kwa kumbukumbu ya dada watatu wa ukoo wa Mirabal, waliouawa katika Jamhuri ya Dominika tarehe 25 Novemba 1960 kwa sababu walimpinga dikteta. Ni jambo la heshima. Lakini katika mashamba yetu limekuwa jambo la fulana. Bwana mkubwa hufika, hupigwa picha, husema maneno mazuri, watu hupewa fulana na soda. Kesho yake mwanamke aliyekwenda polisi kuandikisha maelezo huwekewa alama ya kutofika kazini.

Hatukatai fulana, zina kazi yake wakati wa mvua. Tunasema haki haivaliwi, huandikwa katika mkataba. Mwezi wa Juni 2019 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva ulipitisha Mkataba Namba 190 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Mkataba huo wataka athari za ukatili wa nyumbani zitambuliwe na zipunguzwe mahali pa kazi, na Pendekezo Namba 206 linalokwenda pamoja nao lataja likizo, mpango wa kazi unaoweza kubadilishwa, na ulinzi wa muda usiachishwe kazi. Wala haya si ndoto. Huko Ufilipino sheria ya mwaka 2004 yampa mwanamke aliyeonewa nyumbani mpaka siku kumi za likizo yenye mshahara. New Zealand walifanya siku kumi tangu 2019, na Australia tangu 2023. Kampuni zao hazikuanguka.

MADAI YETU

Kwa hiyo Halmashauri inaomba mkutano mkuu wa tawi ukubali madai haya yaingie katika mkataba:

1. Mfanya kazi aliyeumizwa nyumbani apewe siku kumi kwa mwaka zenye mshahara, za kwenda hospitali, polisi, mahakamani, au kuhamisha watoto. Mchumaji wa kilo alipwe kwa wastani wake wa miezi mitatu iliyopita.

2. Mtu asiachishwe kazi wala asipewe onyo kwa kutofika au kwa kilo chache, ikiwa sababu ni kuumizwa nyumbani na ameeleza.

3. Nyumba ya laini wanamokaa mume na mke iandikwe kwa majina yote mawili. Mmoja akimwumiza mwenzake, anayehama ni aliyeumiza, naye apewe nafasi katika nyumba za wasio na jamaa. Aliyeumizwa na watoto wabaki.

4. Akiomba kuhamishiwa sehemu nyingine ya shamba, ahamishwe pasipo kupunguziwa cheo wala mshahara.

5. Mshahara wa kila mtu ulipwe kwa mwenyewe tu, na ofisi isikubali kubadili namba ya simu au ya benki kwa neno la mume, mke, au jamaa.

6. Zahanati ya shamba iandike jeraha lo lote lililoletwa na impe mgonjwa karatasi yake.

Wengine watashangaa kuona hatukudai mwenye kosa afukuzwe kazi mara moja. Tulifikiri sana juu ya hilo. Akina mama wengi walituambia ya kuwa wananyamaza kwa hofu hiyo hiyo: mume akifukuzwa, ada ya shule itatoka wapi? Mwajiri naye angefurahi kupata njia rahisi ya kupunguza watu. Kosa la jinai lina polisi na mahakama. Sisi tunataka aliyeumizwa awe salama, awe na kazi, awe na nyumba. Hilo kwanza.

SHERIA YETU SISI WENYEWE

Lakini hatuwezi kumdai mwajiri kitu ambacho hatukifanyi katika nyumba yetu wenyewe. Kwa hiyo tumeamua hivi, na kuanzia leo twaweza kuulizwa:

Mashtaka ya mwanachama aliyeumizwa nyumbani yataandikwa kitabuni siku ile ile, na kitabu hicho kitafungiwa. Wanawake wawili na mwanamume mmoja wamechaguliwa kuyapokea, wala hakuna atakayeulizwa 'ulimfanya nini mpaka akakupiga.'

Mwakilishi atakayethibitika kuwa anampiga mke, mume au mtoto atasikilizwa kwa haki, kisha atavua uwakilishi. Yule wa shauri la viatu amekwisha uvua. Akikatwa mshahara kwa uonevu tutamtetea kesho kama jana, maana ni mwanachama. Chama kitamtetea juu ya mshahara wake, hakitamtetea juu ya ngumi yake.

Hakuna mwakilishi atakayekaa katika shauri la mkewe, mumewe au jamaa yake. Hilo lingekuwa katika kanuni zetu tangu zamani, mama yule angekuwa na mtu wa kumsemea.

Habari zake nazo tuwape. Tulimtafuta huko kwao, tukamwomba radhi. Hakutulaumu kwa maneno mengi. Aliuliza kama kitabu kile sasa kina jina lake. Tukamwambia kina, na ni la kwanza. Shauri lake la kurudishwa kazini tumelifungua, nasi hatutaahidi ushindi ambao bado hatujaupata. Tunaahidi kwamba safari hii atakuwa na mtetezi.

LA KUFANYA SASA

Mwanachama uliye na shida hii, au jirani yako anayo, shika haya. Ukiumizwa, nenda zahanati au hospitali kwanza, ukapate karatasi. Ukilazimishwa kitendo cha nguvu, fika hospitali kabla ya masaa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia ukimwi hufanya kazi ndani ya muda huo, wala usioge wala usifue nguo kabla ya kuonekana. Nenda polisi uandikishe, uchukue namba ya kitabu chao, uombe fomu ya P3. Simu ya namba 1195 haina malipo, na ya watoto ni 116. Kisha njoo ofisini. Ukiogopa kuonekana, mtume rafiki. Na weka kitambulisho chako na karatasi zako za mshahara mahali ambapo mtu mwingine hafiki.

Nawe jirani unayesikia kelele usiku kupitia ukuta wa mabati, usiongeze sauti ya redio. Gonga mlango, piga kelele, ita wenzako. Nyumba ikishika moto hatuulizi ni ya nani, wala hatusemi moto huu ni wa mtu na mkewe.

Na ninyi ndugu zetu mlioandika barua, njoni mkutanoni. Mtapewa nafasi ya kusema kabla ya sisi kusema. Lakini tunawaomba mje na wake zenu, tena mkae viti mbalimbali, na kura ipigwe kwa karatasi, si kwa mikono, ili kila mtu aseme lililo moyoni pasipo kutazamwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Tumekwisha pambana na mnyonyaji aliye ofisini kwa miaka mingi, na tutaendelea. Sasa tumtazame na huyu aliye nguoni.

Mkutano mkuu ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, uwanja wa kawaida. Mvua ikinyesha, ghalani.

UMOJA NI NGUVU, NA UMOJA HUANZA NYUMBANI.

Halmashauri ya Tawi